Florini ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920: uhaba wake na bei niliyotajiwa

Florini niliyoinunua katika duka moja la vitu vya kale mjini Mombasa ina kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na upande wa pili simba aliyesimama mbele ya milima. Ni sarafu pana yenye uzito wa gramu 11.66 ikiwa haijalika, na nusu ya uzito huo ni madini ya fedha.

Muuzaji aliisifu kuwa adimu mno kwa sababu florini haikudumu, na katika hilo la kutodumu alisema kweli. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya madini hayo ilipanda ikaivuta juu rupia iliyotumika Afrika Mashariki wakati huo, hata rupia iliyokuwa ikihesabiwa 15 kwa pauni moja ikawekwa kuwa 10 kwa pauni, na walowezi wa Kenya waliokuwa na madeni wakalalamika kwamba mzigo wao umeongezeka kwa nusu bila kukopa hata senti. Florini ikachukua nafasi ya rupia mwaka 1920, lakini mwaka uliofuata ikaja shilingi, mbili kwa florini moja.

Hata hivyo, uhaba wa florini hizi haulingani. Zenye herufi ndogo H, zilizotengenezwa Birmingham na kampuni ya Heaton, ndizo zinazopatikana zaidi, na yangu ni ya H. Zenye herufi A ni chache kuliko hizo, na ya mwaka 1921 ndiyo inayowatoa jasho wakusanyaji.

Kasoro kubwa ilikuwa mng'ao wenyewe. "Tazama, sheikh, kama imetoka kiwandani leo," muuzaji aliniambia, lakini kwa kioo cha kukuzia nikaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja juu ya shavu la mfalme, huku uchafu mweusi ukibaki katika pembe za herufi: sarafu ilikuwa imesuguliwa, jambo linaloshusha thamani yake mbele ya mkusanyaji yeyote makini, nayo bei aliyoitaja ilikuwa ya sarafu isiyowahi kutumika. Kwa haki yake, aliniruhusu kuipima kwa mizani yangu na akashusha bei bila ugomvi.

Kwa bei hiyo ya pili sijuti, ingawa ningechagua H iliyochakaa kwa matumizi na yenye weusi wake wa asili. Anayeitaka kwa ajili ya fedha pekee aiache, kwani iliyomo haifiki gramu 6.