Ramani ya huduma: karatasi inayoonyesha yaliyo nyuma ya kaunta

Kati ya vyombo vya kazi vya usanifu wa huduma, yaani fani ya kupanga jinsi huduma inavyotolewa, ramani ya huduma ndiyo tunayoipa alama 4 na nusu kwa 5: ni mchoro wa hatua zote za huduma, anazoziona mteja na asizoziona. Vifaa vyake ni vichache: karatasi ya kubandika ukutani yenye urefu wa mita 3 hivi, vikaratasi vya kunata vya rangi nne au tano, kalamu za wino mzito, na watu sita hadi wanane wanaoifanya kazi yenyewe. Gharama kubwa ni muda: siku moja au mbili za kutazama huduma inavyotolewa, kisha saa tatu za kuchora. Ukiruka siku za kutazama, bora usichore kabisa.

Ramani imeitangulia hata fani yenyewe. Usanifu wa huduma ulianza kufundishwa kwa jina hilo mjini Köln, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilhali G. Lynn Shostack, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi benki, alikwisha chapisha ramani ya kung'arisha viatu mwaka 1984. Kupiga brashi sekunde 30, kupaka dawa sekunde 30, kung'arisha sekunde 45, kupokea pesa sekunde 15: jumla dakika 2. Akaweka pia kikomo cha dakika 5 kwa kazi nzima, na akaonyesha pale kazi inapoweza kuharibika: ikipakwa dawa ya rangi isiyo sahihi, viatu vinasafishwa kwanza, sekunde 45. Halafu akachora mstari, na chini yake akaweka asichokiona mteja, yaani kuchagua na kununua vifaa. Mstari huo ndio roho ya chombo hiki.

Toleo linalotumika sana leo lina safu tano: vitu anavyoviona au kuvishika mteja, kama bango, fomu na risiti; anachofanya mteja; anachofanya mhudumu mbele yake; kinachofanywa na wasioonekana, chini ya mstari; na mifumo na idara zinazowategemeza wote hao. Anza na safu ya mteja, na uanze mapema kuliko kaunta, tangu alipojua kwamba anahitaji huduma. Kila kikaratasi kibebe tendo moja. "Anahudumiwa" si hatua. "Anaonyesha kitambulisho" ni hatua.

Chukua mfano wa majibu ya maabara. Mgonjwa anatolewa damu, anasubiri, anaitwa. Juu ya mstari kila kitu kinaonekana shwari. Shuka chini: chupa inakaa kwenye trei hadi zifike nyingine za kutosha kuwasha mashine kwa mkupuo mmoja. Majibu yakichapishwa, karatasi inalala kwenye sanduku, kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuipeleka kwa daktari; huipeleka yeyote anayepita. Mgonjwa anamgombeza mtu wa mapokezi, ambaye trei hiyo hajawahi hata kuiona. Mpeleke kwenye mafunzo ya lugha nzuri mara kumi, foleni haitapungua kwa dakika moja. Kosa liko kwenye mpangilio, na mpangilio umetengenezwa na watu, kwa hiyo unaweza kutengenezwa upya.

Ramani nyingi huharibika kwa sababu zilezile. Zinachorwa kutoka kwenye mwongozo wa ofisi, zikaonyesha kazi inavyotakiwa kuwa. Dawa yake ni kumwuliza kila anayebandika hatua ameiona lini kwa macho yake. Muda unaandikwa wa jumla, wakati kila hatua inahitaji namba mbili, dakika za kazi na dakika za kusubiri. Tena huchorwa njia iliyonyooka tu. Yuko wapi aliyepoteza kitambulisho, asiyeweza kusoma fomu, aliyekuja kwa niaba ya mama yake mgonjwa? Kila wanapokwama weka alama nyekundu, na uandike nani anawakwamua na kwa dakika ngapi.

Programu za kuchorea ni nzuri kwa kuhifadhi, na kwa timu zilizo mahali mbalimbali. Kwa mchoro wa kwanza tunashikilia karatasi, kwa sababu mlinzi wa getini anaweza kunyanyuka akahamisha kikaratasi kwa mkono wake. Mwiteni huyo mlinzi. Maswali yote ambayo mabango yameshindwa kuyajibu huishia kwake.

Nusu alama tumeikata kwa kuwa ramani huishia kwenye ukuta wa taasisi iliyoichora. Mjane anayefuatilia mirathi hupita mahakamani, benki na kwa mwajiri wa marehemu. Kila ofisi inaweza kuwa na ramani safi kabisa, na bado kazi ya kubeba cheti kilekile kutoka mlango hadi mlango isiandikwe popote. Kazi hiyo anaifanya yeye, kwa nauli yake na siku zake. Fani hii ikitaka kuwa zaidi ya kupendezesha kaunta, hapo ndipo pa kushika: chora ramani ya mtu, ofisi zote ndani yake, hata kama hakuna mkuu mmoja anayezisimamia.

Kwa duka lenye kaunta moja, hata nusu siku ya kutazama inatosha. Kwa huduma ya idara nyingi, msiondoke chumbani kabla kila alama nyekundu haijapata jina la mhusika na tarehe. Baada ya miezi 3 rudini na saa mkononi, na mpime kwanza zile dakika za kusubiri.