Drawpile: kanga moja, mimi Dar, shangazi Mombasa

Kila kanga ninayobuni hupita kwanza kwa shangazi. Mimi niko Dar es Salaam, yeye Mombasa, na zamani tulichoshana sana: nachora, napiga picha, namtumia, ananipigia simu. "Ile korosho ya juu," yaani lile pambo la umbo la korosho. Ipi? "Ile inayotazama huku." Huku wapi?

Tangu tuanze kutumia Drawpile, hayo yamekwisha. Ni programu ya bure, watu kadhaa huchora kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Nafungua kikao kwenye kompyuta, naweka nywila, namtumia kiungo. Yeye anaingia kwa tableti yake ya Android. Ukurasa tuliupa vipimo vya pikseli 3000 kwa 2200, maana kanga yenyewe huwa kama sentimita 150 kwa 110. Pindo la pembezoni lina tabaka lake la kuchorea, mji, yaani sehemu ya katikati, lake, na jina, yaani maneno ya kanga, lake.

Usiku wa kwanza, baada ya isha, nilikuwa nimejaza korosho kwenye pindo hadi ukingoni kabisa. Shangazi akapitisha mstari mwekundu juu yake, polepole. "Mwanangu, doti ikishakatwa ikapindwa, cherehani itakula vichwa vyote hivi." Ameuza kanga miaka mingi, mimi nimezoea kutazama skrini. Nikaanza kuzisogeza ndani, na yeye papo hapo akawa anachora pembeni, pale pindo linapokata kona, ambapo mimi hukwama kila mara. Akaweka kishada cha karafuu, pande mbili zikashikana. Peke yangu nisingekifikia.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila mtu anatengua alichochora mwenyewe. Shangazi alifuta majani yake matatu, maua yangu yakabaki. Mtandao ulipomkatikia, alirudi akakuta kazi yote ipo.

Kutenganisha rangi kwa ajili ya kiwanda nafanya kwingine. Na rangi usiziamue kwa skrini: nyekundu yangu kwake ilionekana ya machungwa. Sasa kila mmoja anakaa na kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, mapajani, tunazungumzia nyekundu ya kwenye kitambaa.

Jina tulilibishania siku mbili. Mwishowe alichukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, WEMA HAUOZI. Z imelala kidogo kushoto. Nimeiacha hivyo hivyo.