Vyumba vya meli vyenye mlango wa kati: kipi cha kuchukua ukisafiri na familia kutoka Tanga

9120 na 9121. Wakala aliniandikia namba hizo kwenye karatasi, akazipigia mstari, akasema, "Dada, vimefuatana hivi, hamna wasiwasi." Nikaamini, maana kwetu Ngamiani barabara ya 12 ikiisha inafuata ya 13, ukivuka umefika. Tulipopanda meli ya matembezi Durban, Afrika Kusini, ndipo nilipojua kwamba kwenye meli nyingi namba shufwa hukaa upande mmoja na witiri upande wa pili. Mama yangu na wajukuu wawili walikuwa kushoto kwa meli. Mimi, mume wangu na kijana wetu tulikuwa kulia, na baina yetu ulikuwepo upana mzima wa meli. Usiku wa kwanza mdogo wetu wa miaka minne aliamka analia. Mama akapiga simu ya chumbani, nikatoka na khanga zangu mbili, nikaingia kwenye zile korido ndefu zinazofanana kila hatua, nikapotea. Nilipofika mtoto alishalala kwa kuchoka kulia.

Safari ya pili nilinunua kwa kuuliza. Majirani na ndugu wamekuwa wakinijia kutaka ushauri, kwa hiyo nayaweka hapa yote kwa mpangilio wangu, kuanzia kinachofaa zaidi.

Kwanza tuelewane maneno, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Vyumba vya jirani ni vyumba viwili vinavyopakana ukuta, lakini kila kimoja kina mlango wake wa koridoni tu. Vyumba vyenye mlango wa kati, ambavyo mawakala wengi huviita konektingi, vina mlango ndani ya ule ukuta, na ukifunguliwa unapita kutoka chumba hadi chumba bila kutoka nje. Ukimwambia wakala "nataka vyumba viwili vya pamoja" atakupa vya jirani, na hatakuwa amekudanganya. Sema mlango.

Namba moja: vyumba viwili vyenye mlango wa kati

Kwa familia ya kwetu sioni kinachokishinda. Watu wa pwani hatusafiri baba, mama na mtoto mmoja. Tunasafiri na bibi, na huenda shangazi yumo. Mama mkwe na mume wa bintiye hawawezi kuchangia choo kimoja kwa siku saba, kila mmoja anamsikilizia mwenzake atoke. Watoto wakifika miaka 10 tunawatenga kulala, wa kike kwake na wa kiume kwake. Vyumba viwili vinakupa vyoo viwili, na mlango wa kati unakufanya ubaki nyumba moja.

Safari ile ya pili mama alilala na binti wa miaka 13 na mdogo, sisi watatu upande wa pili. Mlango wenyewe ulikuwa na rangi ileile ya ukuta, mtu angeweza kudhani ni kabati. Usiku tuliuacha wazi kiasi cha kupitisha kiganja. Alfajiri nilisikia maji ya mama anatawadha, kisha mswaki, kisha kimya cha mtu anayesali, nami niko kitandani kwangu. Mtoto aliamka mara moja tu, akaja mwenyewe peku, akapanda kitandani, akalala. Hapo ndipo niliporidhika na kila shilingi niliyotoa.

Ubaya upo. Mlango wa kati unapitisha sauti kuliko ukuta. Kama hamkuchukua vyote viwili, mgeni wa upande wa pili mtasikilizana naye mpaka anapokohoa. Pia mlango unakula ukuta, kwa hiyo baadhi ya vyumba hivi hukosa kochi la kukunjua na havichukui mtu wa tatu. Kama nyinyi ni watano au sita, uliza hili kabla ya jambo lolote: kila chumba kinalaza wangapi?

Namba mbili: chumba kimoja kikubwa cha familia

Baadhi ya meli mpya zimejengwa na vyumba vyenye sehemu mbili za kulala. Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024, ina vyumba vya familia vyenye kijisehemu cha watoto chenye vitanda vya ghorofa, na choo kimetengwa na bafu. Disney Cruise Line nao wana vyumba vingi ambavyo choo kiko mlango mmoja na bafu mlango mwingine, kila upande na sinki lake. Kwa wazazi na watoto wadogo ni starehe. Mkiwa na bibi au mkwe, mimi nisingechukua, kwa sababu bado ni chumba kimoja na pazia. Halafu huwa vichache na bei yake iko juu.

Namba tatu: chumba cha roshani na cha ndani, mlango kwa mlango

Chumba cha ndani hakina dirisha, ndiyo maana ni cha bei nafuu. Unachukua kimoja cha roshani upande wa bahari na cha ndani kinachotazamana nacho ng'ambo ya korido, hatua mbili tatu. Vijana wa miaka 15 na kuendelea wanalala cha ndani, giza totoro, wanaamka saa nne asubuhi. Wakati wa mchana wote mnakutana roshani ya wazazi. Kwa mwenye watoto wakubwa na mfuko wa wastani, hiki ni chaguo la busara sana, na nashangaa mawakala hawakitaji. Ila mtoto mdogo asilale ng'ambo ya korido bila mtu mzima.

Namba nne: vyumba viwili vya jirani, kizuizi cha roshani kikafunguliwa

Kwenye baadhi ya meli, ukuta mwembamba unaogawa roshani mbili una komeo, na mhudumu wa chumba ana ufunguo. Ukifunguliwa mnapata baraza moja ndefu. Kizuri kwa ndugu wawili wanaosafiri na wake zao. Kwa watoto sikipendi hata kidogo: njia yao ya kuja kwako usiku itakuwa ni kupitia nje, juu ya bahari.

Namba tano: wote wanne chumba kimoja

Kitanda kikubwa, kochi la kukunjua, na kitanda kinachoshushwa kutoka darini. Vyumba vingi vya kawaida vina ukubwa wa mita za mraba 15 hadi 18 hivi. Pima chumba chako cha kulala, kisha toa bafu humo humo. Usiku vitanda vikikunjuliwa hakuna pa kukanyaga wala pa kutandika mswala. Kwa usiku tatu inavumilika, na ndiyo bei ndogo kuliko zote.

Cha kukiepuka: chumba cha kupangiwa

Kampuni zinauza nafasi kwa bei ya chini kwa sharti kwamba wao ndio watakaochagua chumba, nawe utajua namba siku za mwisho. Mtu peke yake achukue, atafaidi. Familia inayohitaji vyumba viwili isiguse kabisa, maana mnaweza kuwekwa sitaha mbili tofauti.

Hesabu ya nauli

Hapa watu wengi hushtuka. Nauli ya meli hupangwa kwa watu wawili ndani ya chumba. Hao wawili wa kwanza hulipa nauli kamili, hata kama mmoja wao ni mtoto wa miaka sita. Punguzo ni la mtu wa tatu na wa nne.

Tuseme nauli kamili ni dola 600, na ya mtu wa tatu au wa nne ni dola 250. Familia ya watu wanne katika chumba kimoja italipa 600 mara mbili na 250 mara mbili, yaani dola 1,700. Wakigawanyika wawili wawili katika vyumba viwili, wote wanne ni watu wa kwanza: dola 2,400. Mlango wa kati umewagharimu dola 700. Mkiwa sita, watatu watatu, hesabu inakuwa nyepesi: dola 2,900 kwa vyumba viwili, na chumba kimoja cha watu sita ni nadra kukipata.

Zile ofa za "watoto bure" mara nyingi humaanisha mtoto anayelala chumba kimoja na watu wazima wawili, na kodi za bandari analipiwa vilevile. Ukigawa familia ofa inaweza kuanguka. Na mkiwa watatu mkataka vyumba viwili, yule anayebaki peke yake hutozwa karibu nauli ya watu wawili. Ongeza bahashishi, ambayo kampuni nyingi huitoza kwa kila mtu kwa kila siku, mtoto naye akiwemo.

Namna ya kuagiza

Fungua ramani ya sitaha kwenye tovuti ya kampuni, usitegemee maneno. Vyumba vyenye mlango wa kati huwekewa alama ndogo katikati ya vyumba viwili, mshale au pembetatu, na maana yake imeandikwa chini ya ramani. Hakikisha ni meli yenyewe mtakayopanda, kwa sababu meli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Tazama pia kilicho juu na chini: chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa utasikia viti vikikokotwa alfajiri. Chagua sitaha yenye vyumba juu na vyumba chini. Na kama mama yako ni mtu wa kichefuchefu, chukua katikati ya meli na sitaha za chini, kwa sababu meli ikienda mrama, omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi.

Kisha taka namba zote mbili kwa maandishi, pamoja na neno kwamba zina mlango wa kati. Omba oda mbili ziunganishwe, mkae meza moja chakulani. La muhimu kuliko yote, waambie waandike kwamba hutaki kupandishwa daraja. Kampuni huweza kukuhamishia chumba kizuri zaidi bila malipo, ikamhamisha mmoja na kumwacha mwingine, na mlango wako ukaenda na maji.

Umri nao una sheria. Kampuni nyingi za Marekani hutaka kila chumba kiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi. Huwa zinalegeza kwa wazazi wenye vyumba vya jirani au vya mlango wa kati, lakini ni rahisi zaidi kuandikisha mtu mzima mmoja kila chumba, kisha mkifika mkalale mnavyotaka na kuomba kadi za ziada za mlango pale mapokezi. Mtoto wa chini ya miezi sita kampuni nyingi hazimpokei, na mama mwenye ujauzito wa wiki 24 hali kadhalika.

Anza mapema. Vyumba hivi ni vichache na huisha kabla ya vingine. Kwa likizo ya Desemba, ambayo ndiyo majira ya meli za Durban, mimi huanza kuulizia Januari au Februari.

Usalama

Sisi wa mwambao huu hatujasahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikienda Pemba. Mama aliniuliza habari za maboya kabla hajauliza chakula. Kila chumba hupangiwa kituo cha kukusanyikia wakati wa hatari, na kimeandikwa kwenye kadi ya mlango. Hakikisha vyumba vyenu viwili vina kituo kimoja. Uliza jaketi za kuokolea za kimo cha watoto, zikaletwe chumbani siku hiyohiyo. Na wakala akikuambia chumba kipo lakini hakichukui mtu wa tatu ilhali kitanda kipo, huenda anasema kweli: idadi ya watu wa kila eneo hufungwa na nafasi za mashua za kuokolea.

Makaratasi kwa ufupi: Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90. Ukipandia meli katika nchi nyingi za Ulaya utahitaji viza ya Schengen, ambayo nchi hizo huitumia kwa pamoja, tena ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inatoka nje ya nchi hizo na kurudi. Beba vyeti vya kuzaliwa vya RITA, na kama mzazi mmoja amebaki nyumbani, barua yake ya ridhaa.

Siku ya kupanda mtaukuta mlango wa kati umefungwa. Hufungwa mpaka wenye vyumba waombe, na mwenye ufunguo ni mhudumu wa chumba. Mtafute kabla hamjafungua mabegi, maana ikifika jioni ana vyumba vingi vya kutandika. Akiufungua, mwombe akuonyeshe komeo la kila upande, ujaribu kwa mkono wako, kisha mwite bibi naye ajaribu.