Wikendi Yangu katika Kongamano la Mashabiki wa Star Trek

Nilianza kuitazama Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani kuhusu safari za chombo cha angani, nikiwa msichana mdogo mjini Tanga, kwenye kanda za video alizotuletea mjomba wangu aliyekuwa baharia, na tangu siku niliposikia afisa wa mawasiliano wa chombo kile akiitwa Uhura, nilijua kwamba kuna mtu Marekani aliyelichukua neno letu akaenda nalo angani. Kwa hiyo nilipopata habari za kongamano la wikendi la mashabiki wa mfululizo huo, katika hoteli moja ya katikati ya Uingereza, saa moja na nusu kwa treni kutoka mji ninaofanyia kazi ya uuguzi, nilinunua tiketi mbili siku hiyo hiyo, yangu na ya binti yangu mwenye miaka 14. Naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kutoa fedha zake kwa jambo kama hili na angependa kujua atapata nini.

Tiketi ya mtu mzima, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri, ilikuwa pauni 80, na mtoto alilipa nusu. Kwa bei hiyo uliruhusiwa kuingia katika mazungumzo yote ya ukumbini, madarasa, chumba cha maonyesho na shindano la mavazi la Jumamosi usiku. Saini za waigizaji na picha za kupiga pamoja nao hulipiwa mbali, na picha moja ilikuwa pauni 35, ambazo nilizitoa mapema. Chakula cha hoteli kilikuwa ghali, nasi tulibeba chapati na maharage.

Tulipoingia Ijumaa jioni, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba watu wale wanajuana. Wengi wao wamekuwa wakikutana kila mwaka kwa miongo kadhaa, na mgeni hupokelewa kama mwali aliyeletwa nyumbani. Utaratibu huu una mizizi mirefu. Mfululizo wa kwanza ulianza kuoneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na ukasitishwa mwaka 1969, baada ya misimu mitatu na sehemu 79. Ni marudio yake katika vituo vya televisheni vya huko yaliyouzalishia mashabiki wapya ambao hawakuwapo hapo mwanzo. Mwezi Januari 1972 baadhi yao waliandaa mkutano katika hoteli moja ya New York wakitarajia watu mia kadhaa, wakaja zaidi ya 3,000. Kongamano nililohudhuria lilikuwa dogo mno kuliko hilo, lakini nalo liliandaliwa na mashabiki wenyewe kwa kujitolea, na jambo hilo ndilo lililoleta uzuri wake na pia, kama nitakavyoeleza, upungufu wake.

Katika chumba cha maonyesho nilikaa kuliko nilivyokusudia. Mzee mmoja mstaafu, ambaye hutengeneza kwa mkono vifaa vinavyofanana na vile vya kwenye filamu, aliniwekea kiganjani kifaa kidogo cha chuma kilichong'arishwa na kuniuliza kama ninakitambua. Nilikitambua mara moja, kwa kuwa ni kimoja cha vile vifaa ambavyo Daktari McCoy, tabibu wa chombo kile, humpitishia mgonjwa mwilini ili kujua anaumwa nini. Ndipo akanieleza kwamba vya asili vilikuwa vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani. Vilinunuliwa kwa ajili ya sehemu iitwayo “The Man Trap”, yenye kiumbe anayeishi kwa kutafuta chumvi, lakini umbo la vichupa hivyo lilikuwa la kigeni mno hata ikahofiwa kwamba mtazamaji hatatambua kuwa ni vichupa vya chumvi, hivyo vikahamishiwa zahanati ya chombo. Mimi hushika vifaa vya hospitali kila siku, na nilisimama pale nikikigeuza kile kichupa huku na huku nikifikiri jinsi watu wa bajeti ndogo walivyotupa sura ya tiba ya karne zijazo kwa kitu cha dukani.

Sehemu hiyo hiyo ya “The Man Trap”, ambayo ndiyo iliyotangulia kuoneshwa kabla ya nyingine zote, ilirudi tena Jumamosi asubuhi katika mazungumzo kuhusu Uhura, na hapa ndipo tiketi yangu ilipolipa. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hatujui kwamba lugha yetu ilisikika katika Star Trek tangu usiku wake wa kwanza: yule kiumbe humjia Uhura katika umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika sehemu iitwayo “The Changeling”, Uhura anafutwa kumbukumbu zote, na wakati anafundishwa upya kusoma anateleza na kuingia katika Kiswahili. Vipande vyote viwili vilioneshwa ukumbini. Lafudhi ni ya mgeni, wala sikuitarajia iwe vingine, lakini nilisikia mwili ukinisisimka.

Mwendesha mazungumzo aliuliza kama kuna anayeijua lugha hiyo. Binti yangu alinisukuma kiwiko akasema, “Mama, simama!” Nikasimama. Niliwaeleza kwamba uhuru si jina la mtu kwetu, ni neno lililopigiwa kelele viwanjani Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, na kwamba mfululizo wao ulipoanza mwaka 1966 neno hilo lilikuwa bado la moto midomoni mwa wazazi wetu. Irabu ya mwisho ilibadilishwa ili jina lisikike laini zaidi, na jina lake la kwanza, Nyota, ambalo filamu ya mwaka 2009 ndiyo iliyolitamka kwenye skrini, ni la Kiswahili kisichoguswa. Ukumbi mzima ulilitamka neno “uhuru” pamoja nami, mara tatu, hadi wakalipata.

Baadaye tulizungumza kuhusu Nichelle Nichols mwenyewe, mwigizaji wa Uhura, aliyefariki Julai 2022. Alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, akakutana na Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, aliyemsihi abaki, kwa kuwa mwanamke mweusi aliyeoneshwa kama afisa wa kuheshimika lilikuwa jambo ambalo watoto walihitaji kuliona. Kuanzia mwaka 1977 alifanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, ya kuwavuta wanawake na watu wasio weupe wajiunge na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kwenda angani, mwaka 1992, alivutwa na Uhura tangu utotoni, na mwaka uliofuata akaigiza katika mfululizo wa baadaye wa Star Trek, “The Next Generation”. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, amevaa sare nyekundu kama ya Uhura, aliyoishona mwenyewe, alilia wazi wazi.

Darasa la Kiklingoni, lugha ya Waklingoni, watu wa sayari nyingine ndani ya Star Trek, nililiingia kwa sababu ya binti yangu, nikatoka nikiwa mwanafunzi kuliko yeye. Lugha hii ilitungwa na mtaalamu wa isimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya mwaka 1984, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Haina salamu ya kujuliana hali. Mtu akikukabili husema “nuqneH”, yaani unataka nini, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo na habari za nyumbani ni zito kulimeza. Lakini mwalimu alipoandika ubaoni “qalegh” na kusema maana yake ni “ninakuona”, Waingereza wote walishangaa mtendaji na mtendwa wamefichwaje ndani ya neno moja, nasi wawili tukaangaliana. Katika “ninakuona” yetu, ni- ndiye mimi na -ku- ndiye wewe; wao huwabeba wote wawili kwa kiambishi kimoja, qa-. Kinachotushinda ni mpangilio wa sentensi, maana mtendwa hutangulia, kitenzi hufuata na mtendaji huja mwisho.

Lililoniudhi ni picha. Tiketi yangu ilisema saa nane mchana siku ya Jumamosi. Tuliitwa saa kumi na dakika ishirini, baada ya kusimama kwenye ukumbi mwembamba usio na viti, bila mtu wa kutueleza sababu. Bibi yule wa sare nyekundu alikuwa katika foleni hiyo hiyo na magoti yake hayakumruhusu kusimama, nikamtafutia kiti mwenyewe. Mwigizaji alikuwa mpole na alitusalimu vizuri, lakini tulikaa mbele yake kwa muda usiozidi sekunde kumi, na kwa kusubiri huko tulikosa darasa la pili la Kiklingoni, ambalo tulilitazamia sana. Nilipolalamika mezani, kijana wa kujitolea aliomba radhi kwa dhati, ila hakuwa na mamlaka ya kurudisha fedha. Vipaza sauti vya ukumbi mdogo pia vilikoroma siku zote tatu.

Kwa hiyo, ukienda, panga siku zako kwa kufuata mazungumzo na madarasa, fika dakika kumi na tano kabla ili upate kiti cha mbele, na utembelee meza za mafundi Ijumaa jioni kabla umati haujajaa, kwa kuwa saa hizo wana nafasi ya kukueleza kazi yao. Watoto wa umri wa binti yangu watapata mengi; wadogo zaidi watachoka. Sisi tumekwisha kulipia tiketi mbili za mwakani, bila picha, na binti yangu ameniomba kitambaa chekundu.