TAHADHARI: Jamaa anayefunga mifumo ya wateja kwa biashara za usafi na ufundi wa majumbani, Dar

Wenzangu mnaofanya kazi za kwenda majumbani kwa watu, yaani usafi, kupulizia dawa za wadudu, kuosha makochi, AC, mabomba, umeme: kuna jamaa anazunguka hapa Dar akiuza mfumo wa kusimamia wateja. Anawapata watu kwa matangazo ya Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali. Simtaji jina kwa sababu suala lipo polisi, ila mtindo wake ni ule ule, na nimeshaongea na wengine aliowapiga. Tafadhali soma kabla hujatuma hela.

Anakuja ofisini na laputopu, anakuonyesha mfumo uliojaa oda za mfano. Mteja anapiga simu, oda inaingia, fundi anapangiwa, mteja anapata meseji kwamba fundi yuko njiani, kazi ikiisha ankara inatoka. Kama oda zako ziko kwenye daftari na kwenye simu za watu watatu, lazima uvutiwe, na kusema kweli mfumo wa aina hiyo unasaidia sana. Anadai programu ameiandika yeye na vijana wake. Kufunga ni milioni moja na nusu, halafu leseni laki sita kila mwaka. Nusu unatanguliza, inaingia kwenye namba yake binafsi. Ukiuliza risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), anakujibu mashine imepelekwa kutengenezwa.

Kufunga alifunga, na mfumo ukafanya kazi vizuri tu. Baada ya miezi kadhaa, Jumatatu asubuhi, dada wa mapokezi anaingia anakuta neno la siri limekataa. Tukampigia. "Boss, leseni imeisha, lipia nikufungulie." Mwaka ulikuwa bado. Tulipobishana akatutumia picha ya skrini kama ushahidi, na picha hiyo ndiyo iliyomuumbua. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo: Odoo 16.0 (Community Edition), na pembeni GNU LGPL Licensed. Kijana mmoja anayejua mambo hayo akatueleza kwamba toleo hilo ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kulipakua na kulitumia bila kulipia leseni. Jamaa alibadilisha nembo na rangi tu.

Hapa nieleweke. Fundi akikufungia mfumo, akaupanga kulingana na kazi zako na kuwafundisha wafanyakazi, mlipe, ni jasho lake. Seva nayo inalipiwa. Lakini kukuuzia leseni ya kitu ambacho hakina leseni ya kulipia, kisha kukufungia biashara kwa kisingizio hicho, ni wizi mtupu.

Hela inauma, ila kilichonifanya niandike ni wateja. Sisi hatuna jina na namba ya mteja tu. Ili fundi asipotee tunaandika: Mbezi Beach, geti jeusi baada ya duka la dawa, mama yuko kazini mpaka saa kumi na moja, ufunguo uko kwa mlinzi, mbwa anafungwa mchana. Tunajua nani anaishi peke yake na nani amesafiri anataka nyumba isafishwe kabla hajarudi. Yote hayo yalikuwa kwenye seva yake, yeye akiwa msimamizi mkuu wa mfumo na sisi watumiaji wa kawaida tu. Tulipogoma kulipa, wateja wetu wakaanza kupokea meseji za ofa kutoka kampuni nyingine ya usafi, zikiwataja kwa majina pamoja na kazi ya mwisho tuliyowafanyia. Mama mmoja mtu mzima alinipigia sauti ikitetemeka, akiuliza ni nani mwingine anayejua ufunguo wake unaachwa wapi.

Kwa hiyo, yeyote atakayekufungia mfumo, akaunti ya msimamizi mkuu iwe kwa barua pepe ya ofisi yako tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye umfungulie akaunti ya kawaida, unayoweza kuifuta muda wowote. Jina la tovuti na jina linalotokea kwenye meseji za wateja yaandikishwe kwa kampuni yako. Namba ya WhatsApp ya biashara ibaki mkononi mwako; zile tarakimu sita za kuthibitisha usimpe mtu, hata akisema anataka "kuunganisha", na uweke PIN ya hatua ya pili. Kabla hujamalizia nusu iliyobaki, ingia kwa akaunti yako mbele yake, toa orodha nzima ya wateja kama faili la Excel, ulifungue uone kama limekamilika. Akisema huduma hiyo inakuja baadaye, usimalizie malipo. Kampuni yake itafute BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na risiti ihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Biashara ndogo mnaweza hata kuanza na Zoho CRM, mfumo wa mtandaoni wa kusimamia wateja, ina toleo la bure la watumiaji watatu. Na maelezo ya funguo na walinzi, mimi siku hizi siyaweki kwenye mfumo kabisa. Fundi anaambiwa kwa simu siku ya kazi.

Jueni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatubana hata sisi wenye biashara, kwa kuwa ndio tunaokusanya taarifa za watu. Tuliwapigia wateja tuliokuwa na namba zao, tukawaeleza ukweli, tukawashauri wabadilishe mahali pa kuacha funguo. Baadhi wamehama, na siwalaumu.

Kama ameshakufungia nje, usimlipe hiyo "leseni". Tunza meseji zake, miamala uliyomtumia na kila picha ya skrini, toa taarifa polisi kitengo cha makosa ya mtandao, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Niandikie faragha nikupe namba ya jalada letu, uitaje utakapoandikisha maelezo yako.