Matairi ya pikapu inayovuta tela: pima kipenyo kwanza

Kuna mlima ambao pikapu yangu, ikiwa na tela lililojaa, ilikuwa inaupanda kwa gia ya nne tangu chini hadi juu. Siku moja ikaomba ya tatu katikati. Wiki iliyofuata ikaomba ya tatu mapema zaidi, na mafuta yakawa yanakwisha kabla ya siku niliyozoea kujaza. Fundi wa kwanza akasema ni nozeli, akazifungua na kuzisafisha. Wa pili akasema klachi. Injini haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro niliinunua mwenyewe, matairi manne mapya, na nililipa nikitabasamu.

Niligundua siku nilipoteremsha tairi la akiba, ambalo lilikuwa bado la saizi ya zamani. Nililisimamisha kando ya jipya, nikalaza ubao juu ya yote mawili. Ubao ukakaa mshazari. Tofauti ilikuwa kama vidole vitatu.

Gari lilitoka kiwandani na 265/65R17: 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni ringi kwa inchi. Muuzaji alinipa 285/70R17 na kusema, "Hii ni saizi moja tu juu, dada. Gari litasimama vizuri." Fanya hesabu mwenyewe: zidisha upana kwa ile asilimia, zidisha mara mbili, kisha jumlisha ringi (inchi 17 ni milimita 431.8). La kwanza linatoa kipenyo cha karibu milimita 776, la pili 831. Ni ongezeko la asilimia 7.

Asilimia 7 inasikika ndogo hadi uifuate chini ya gari. Tairi kubwa linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo ni kama umebadilishiwa difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu) bila kuambiwa. Difu ya uwiano wa 3.9 inafanya kazi kama ya 3.65. Nguvu inayofika barabarani katika gia ileile inapungua kwa zaidi ya asilimia 6, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinipandisha mlima. Ongeza kwamba tairi lenyewe ni zito zaidi, na uzito wake uko ukingoni mwa gurudumu, mahali pagumu kuliko pote kwa injini kuuzungusha na kwa breki kuusimamisha. Breki zenyewe zimebaki zilezile, tela liko nyuma linasukuma.

Dashibodi nayo inadanganya. Kama ilikuwa sahihi na saizi ya zamani, sasa ikisema kilomita 100 umeshatembea 107, na ikisema spidi 80 uko karibu 86. Kabla ya kulalamika kuhusu mafuta, sahihisha kilomita kwanza. Mimi niliposahihisha, sehemu ya hasara ikafutika. Sehemu kubwa ikabaki.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Rangi ya herufi na ukali wa meno sitavizungumzia. La pili ni namba ya uzito ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400. Tela la kawaida la kilo 2,000 linaweza kuweka kilo 200 hadi 300 kwenye ndoano, na mzigo huo wote unakwenda ekseli ya nyuma. Usishuke chini ya namba ya kiwanda hata kidogo.

Nambari moja kwangu ni Michelin Defender LTX M/S. Naipenda Michelin na sioni sababu ya kuficha. Ndiyo kampuni iliyosajili hataza ya tairi la radial (lenye nyuzi zinazokatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo) mwaka 1946, na mwaka 1992 ikaingiza silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, kwenye mpira ili tairi lizunguke kwa ulaini bila kupoteza mshiko kwenye maji. Hili ni tairi la lami: meno yake yamekaribiana, halina kelele, na gari haliyumbi tela linapopitwa na lori. Kama unavuta mzigo mzito kila siku, angalia Agilis CrossClimate ya kampuni hiyohiyo, iliyotengenezwa kwa magari ya kazi. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu si kila saizi ya pikapu inapatikana.

Ya tatu ni Bridgestone Dueler H/T. Ni tairi la heshima, halina lawama.

BFGoodrich KO2 naiweka ya nne, na najua wengi wataumia. Ubavu wake ni mgumu, mawe hayaupasui kirahisi, na BFGoodrich imekuwa chini ya Michelin tangu 1990. Lakini ni zito, na meno yake yanakula mafuta kwenye lami. Kama nusu ya safari yako ni mawe, nunua, kwa saizi ya kiwanda. Matairi ya matope yenye meno makubwa usiyafunge kwenye gari la kuvuta tela.

Ya bei rahisi? Yenye saizi sahihi na namba ya uzito sahihi yatakuvusha mwaka. Basi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Wanajua fika wanachofanya. Saizi ya kiwanda inakaa stoo, kubwa ndiyo inapangwa mbele na kupakwa mafuta ing'ae. Ukiuliza kuhusu tela unajibiwa kuhusu muonekano. Niliporudi na hesabu yangu kwenye karatasi, aliyeniuzia aliniambia matairi yakishafungwa hayarudi, kisha akanipa fundi wa kurekebisha spidi ya dashibodi, kwa malipo.

Siku ya kufunga, simama hapohapo. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni kuonyesha tairi limetengenezwa lini: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu wa tairi, na upande huo hugeuzwa ndani. Mwambie fundi aligeuze uone kabla halijapanda kwenye ringi. Upepo ujazwe kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na kile cha kubebea mzigo kama kimeandikwa; Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi 1 (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye matairi yote manne inakula asilimia 0.2 ya mafuta.

Nilirudi kwenye 265/65R17 mwezi uliopita. Jumamosi nilifunga tela na mzigo uleule, nikauendea mlima uleule. Gia ya nne, chini hadi juu.