Bachfest Leipzig 2024: uzoefu wangu kwenye miaka 300 ya kantata za korale

Kama umekulia kwenye kwaya ya usharika, hasa wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na ukapata nafasi ya kufika Leipzig mwezi wa Juni kwa Bachfest, tamasha la muziki wa Bach, nenda. Nalisema hili mapema kwa sababu Waswahili wengi tunaoishi huku Ujerumani tukisikia jina la Bach tunadhani ni mambo ya maprofesa na watu wa suti. Mimi naimba sauti ya nne, yaani besi, sijasomea muziki chuoni, na tamasha hili lilinihusu tangu siku ya kwanza.

Nieleze kwanza kilichokuwa kinaadhimishwa. Mtunzi Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach mwaka 1685 akafariki Leipzig mwaka 1750, na miaka 27 ya mwisho ya maisha yake alikuwa Kantor wa Thomaskirche (kanisa la Thomas), yaani mwalimu wa muziki wa shule ya Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya mji. Alianza kazi mwaka 1723. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Juni 1724, akaanza mpango ambao ndio uliotimiza miaka 300: kila Jumapili anachukua wimbo mmoja wa kitabuni, yaani korale, ambao waumini wanauimba hata bila kitabu, na kuutungia kantata nzima, utungo wa sehemu kadhaa wa waimbaji na vyombo. Akaendelea hivyo hadi tarehe 25 Machi 1725, akipumzika tu majuma yale ya Majilio na Kwaresima ambayo kanisa la Leipzig halikuruhusu muziki wa vyombo. Zikapatikana kantata zipatazo 40. Aliyewahi kuwa kwenye kwaya anajua maana ya jambo hilo. Wimbo utungwe, sauti zinakiliwe kwa mkono moja moja, vijana wafundishwe, na Jumapili hiyo imeshafika.

Tamasha lilifanyika tarehe 7 hadi 16 Juni, chini ya kaulimbiu CHORal TOTal. Kantata hizo waligawiwa waimbaji kutoka mabara mbalimbali, na jambo hilo peke yake lilinifurahisha kuliko majina makubwa yaliyokuwa kwenye ratiba. Unasimama foleni ya kahawa, mbele yako wamama wa kwaya wamevaa sare, faili za noti mkononi, wanasemezana juu ya mstari uliowashinda mazoezini. Ukiondoa lugha, ni kama uko nje ya kanisa kwetu dakika kumi kabla ya ibada.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Matamasha ni mazuri, hilo halina ubishi, lakini usiende kwa ajili ya matamasha peke yake. Nenda na kwenye mihadhara. Bachfest huandaliwa na Bach-Archiv, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1950, na watu wanaochimbua nyaraka za Bach ndio hao hao wanaopanga nani aimbe nini. Ndiyo maana asubuhi unaelezwa, jioni unaimbiwa, na unapokaa kanisani masikio yako yameshajua yatafute nini.

Nitatoa mfano mmoja. Kantata nne za kwanza za mpango ule ni BWV 20, 2, 7 na 135 (BWV ni orodha yenye namba ya kila kazi ya Bach). Kwenye ya kwanza, melodi ya wimbo wa kitabuni ameipa soprano, kwa noti ndefu ndefu, sauti nyingine zikizunguka chini yake. Kwenye ya pili ameipa alto. Kwenye ya tatu ameipa tenori. Kwenye ya nne ameipa besi. Yaani alipofungua mpango wake alizipitia sauti zote nne moja baada ya nyingine, kila mtu apate zamu ya kubeba wimbo. Mimi niliyezoea kuimba "bum bum" chini ya soprano miaka yote, kusikia BWV 135 nikiwa najua kwamba besi ndiyo iliyoshika korale, nilikaa mbele ya kiti nisikose hata noti moja. Bila mhadhara ningesema tu kwamba imepigwa vizuri.

Tahadhari moja: mihadhara mingi ni ya Kijerumani. Ukiwa na Kijerumani cha kazini utaambulia, kwa sababu wanapiga mifano na kuonyesha noti. Ukiwa huna kabisa, chagua ile iliyotangazwa kwa Kiingereza na usome maneno ya kantata kabla, maana kijitabu cha programu kina maneno yote.

Bach-Museum iko Bosehaus, ukivuka tu uwanja wa Thomaskirche. Tenga nusu siku. Kuna chumba cha hazina chenye mwanga hafifu ambamo wanaweka karatasi halisi. Bach alipofariki, mjane wake Anna Magdalena alizikabidhi karatasi za sauti za kantata hizi za korale kwa shule ya Thomas, na ndiyo sababu seti 44 bado ziko Leipzig wakati kazi zake nyingine nyingi zilitawanyika. Niliinamia kioo nikaitazama moja. Mwandiko si wa Bach mwenyewe. Zilinakiliwa zaidi na wanafunzi wake, na unaona kijana alivyokuwa na haraka: mikia ya noti imelala upande mmoja, wino umeila karatasi mpaka umejitokeza upande wa pili. Kwenye chumba hicho hicho utakuta watoto wa shule wamenyamaza wenyewe. Pia ipo ile picha ya Bach iliyochorwa na Elias Gottlob Haussmann mwaka 1748, ambayo ilirudi Leipzig mwaka 2015 baada ya kukaa muda mrefu Marekani. Ameshika karatasi ya noti, anakutazama kama mwalimu wa kwaya aliyekuona unachelewa.

Lakini wakati wenyewe kwangu ulikuwa BWV 1, kantata ya mwisho ya mpango ule, iliyojengwa juu ya wimbo wa Philipp Nicolai wa nyota ya asubuhi. Ina honi mbili. Pale mwisho, kwaya inapoimba korale kwa sauti nne za kawaida, honi ya kwanza inafuata melodi, ya pili inashika njia yake yenyewe, inarukaruka katikati ya waimbaji kama sauti ya tano. Mpigaji wa hiyo honi ya pili alikuwa dada mmoja mwembamba, na kabla ya kuingia alimwaga maji ya honi, akaifuta mdomo wake kwa kiganja, akavuta pumzi. Ndivyo wafanyavyo wapiga tarumbeta wa sharika za Kilimanjaro. Ilipolia nikajikuta nimeshika mkono wa mama wa Kijerumani niliyekaa naye, na wala hakuutoa.

Hapo pana historia ambayo ningependa Watanzania wanaokwenda Leipzig waijue. Misheni ya Leipzig ndiyo iliyopeleka wamisionari wa Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893, na makao yake bado yako katika mji huo huo. Korale zilizomo kwenye Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha KKKT, zile tunazoziimba Jumapili bila kuuliza zimetoka wapi, nyingi zilikuja na watu hao. Kwa hiyo unapokaa Thomaskirche na kusikia melodi uliyoijua tangu Shule ya Jumapili, hujaja kutazama utamaduni wa wengine. Umekuja nyumba ambayo wimbo wako ulipita. Natamani siku moja kantata moja iimbwe pale na kwaya kutoka Moshi, na tarumbeta zake.

Kuhusu viti. Thomaskirche waimbaji husimama kwenye roshani ya magharibi, kwa hiyo sehemu kubwa ya watu wanawasikia kutoka nyuma au pembeni, na viti vya bei ya chini havioni kitu kabisa. Mimi nasema nunua hivyo hivyo visivyoona. Sauti inakufikia ileile, na pesa inayobaki inakulipia muhadhara na museum. Ukitaka kuona vidole vya wapigaji, basi chagua tamasha la Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa mji.

Asiye na pesa ya tiketi asikate tamaa. Kuna jukwaa la wazi uwanja wa Markt, bure, watu wamekaa chini na watoto wao na mikate yao. Na kuna Motette ya Thomaskirche, yaani ibada ya muziki, Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri, ambayo si ya tamasha tu bali hufanyika karibu mwaka mzima, kwa mchango wa euro chache. Humo huimba Thomanerchor, kwaya ya wavulana iliyoanzishwa mwaka 1212, na waumini wote husimama kuimba wimbo mmoja. Beba sauti yako. Mimi niliimba sauti ya nne bila kuombwa, na mzee wa benchi la mbele aligeuka akatikisa kichwa kwa kukubali.

Jambo lililonikera halihusu tamasha. Hosteli niliyofikia, jina nalihifadhi, ilibadilisha bei nilipofika mapokezini wakisema ni wiki ya wageni wengi, ingawa nilikuwa na uthibitisho wao kwenye simu. Nilibishana mpaka wakanirudishia bei ya awali, lakini nilikosa nusu ya kwanza ya mhadhara niliokuwa nausubiri. Chapisha uthibitisho wako kwenye karatasi, au lala Halle, mji wa jirani. Treni ya S-Bahn ni kama nusu saa, vyumba ni nafuu, na Halle ndiko alikozaliwa mtunzi Händel, kwa hiyo asubuhi yako haitapotea.

Tamasha hufanyika kila mwaka mwezi wa Juni, na kwa desturi hufungwa na Misa ya B minor ya Bach pale Thomaskirche, palipo na kaburi la Bach. Tiketi za Misa hiyo huisha mapema kuliko zote. Ukishaamua kwenda, anza na hiyo, halafu mihadhara, halafu ndipo upange mengine. Na usiache Mwimbieni Bwana yako nyumbani. Utahitaji kuifungua pale melodi itakapoingia na maneno yake yakawa yamekutoka.